Maswali ya Wasomaji: Mtawa Aliyejitia Moto na Dini Inayokataza Kuua

SWALI: Kamwene Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Kalenga, mkoani Iringa. Binti yangu wa kidato cha tano, ambaye anasoma historia, alinionyesha katika simu picha ya mtawa wa Kibudha wa Vietnam akiwa ameketi katikati ya barabara huku mwili wake ukiwaka moto. Akaniuliza inawezekanaje dini ambayo tunaambiwa inakataza kuua hata mdudu imheshimu mtu aliyejiua mbele ya umati. Nilimkumbusha Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, ambaye sisi tunamheshimu ingawa alijipiga risasi, lakini alisema hayo ni mambo mawili tofauti, nami nikakosa la kuongeza. Je, Ubudha unaruhusu mtu ajiue kwa ajili ya kudai haki?

JIBU: Kamwene. Kwa Mkwawa nitarudi, maana wewe na binti yako kila mmoja ameshika kipande cha kweli. Tuanze na hiyo picha.

Mtawa huyo aliitwa Thích Quảng Đức, na siku yenyewe ilikuwa tarehe 11 Juni 1963, katika makutano ya barabara mjini Saigon. Aliyepiga picha ni Malcolm Browne wa shirika la habari la Associated Press. Mwezi mmoja kabla ya hapo, katika mji wa Huế, Wabudha walikatazwa kupeperusha bendera ya dini yao kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwa Buddha, ilhali siku chache tu zilizotangulia bendera za Kanisa Katoliki zilipepea katika mji huohuo kwa heshima ya askofu mkuu, ambaye alikuwa kaka yake Rais Ngô Đình Diệm wa Vietnam Kusini. Jioni ya tarehe 8 Mei askari wa serikali waliushambulia umati uliokusanyika kulalamika, na watu wakafa, wakiwamo watoto. Viongozi wa Wabudha walitoa madai matano: ruhusa ya bendera, usawa na Wakatoliki mbele ya sheria, kukoma kwa kamatakamata, uhuru wa kuabudu na kufundisha dini, na fidia kwa familia za waliouawa pamoja na adhabu kwa waliohusika. Quảng Đức alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 na alikuwa ameingia katika maisha ya utawa tangu utotoni. Alijitolea mwenyewe mbele ya viongozi wake, na aliacha barua ya kumsihi Rais awahurumie wananchi na atekeleze usawa wa dini. Barua hiyo haikumlaani mtu yeyote, na jambo hilo linatajwa sana na Wabudha wanaomtetea.

Sasa, dini yenyewe inasemaje? Jibu la haraka ni kwamba kanuni za watawa hazimruhusu mtu kujiua, hadithi takatifu zinaonekana kumsifu anayeutoa mwili wake, na wanazuoni wa Kibudha wamekuwa wakibishana juu ya jambo hilo kwa zaidi ya miaka 1,000. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitamtosha kijana wa kidato cha tano, kwa hiyo nitakaa kidogo kwenye kanuni, kwa kuwa ndiko kuliko na jambo ambalo watu wengi hawalitarajii.

Katika kanuni hizo, ziitwazo Vinaya, yapo makosa manne ambayo mtawa akitenda moja tu utawa wake umekwisha. La tatu kati ya hayo ni kumuua binadamu, na ndani ya kosa hilohilo kanuni inamweka pia mtu anayemtafutia mwenzake chombo cha kujiulia, anayemsifia kifo, au anayemwambia kwamba maisha yake ya taabu hayana faida na kwamba ni afadhali afe. Mapokeo yanasimulia ilivyotokea. Buddha aliwafundisha watawa wa Vesali, mji wa India ya kale, kutafakari uchafu wa mwili, kisha akajitenga kwa nusu mwezi, na aliporudi alikuta idadi yao imepungua, kwa sababu wengi walikuwa wameichukia miili yao hata wakajiua au wakaomba wengine wawaue. Hakuwasifu waliokufa kwa bidii yao. Aliwakusanya waliobaki, akawafundisha kutafakari pumzi, tafakari ambayo inatuliza, na akaweka kanuni. Baadaye kukatokea kundi la watawa waliokwenda kwa mgonjwa mmoja ambaye mke wake walimtamani, wakamweleza uzuri wa kufa na malipo yanayomngoja mbele, hadi mgonjwa yule akaacha kujitunza na kufariki. Hapo ndipo kumsifia mtu kifo kulipoingizwa katika kosa la kuua.

Na yule aliyekata tamaa na kujaribu kujiua mwenyewe? Kipo kisa cha mtawa aliyeelemewa na huzuni, akapanda mlima wa Gijjhakuta karibu na mji wa Rajagaha na kujitupa bondeni. Alimwangukia mfuma vikapu aliyekuwa chini. Mfuma vikapu akafa, mtawa akapona. (Kila nikisoma kisa hicho huwawaza akina mama wetu wa Iringa wanaosuka vikapu kwa milulu, ambao hawana habari na mlima wa mtu yeyote.) Buddha hakumfukuza mtawa yule. Alisema kwamba mtu asijitupe hivyo, na kosa hilo likawekwa katika daraja la makosa mepesi. Kwa maneno mengine, kanuni inamwendea polepole aliyeshindwa kuvumilia, lakini inamshukia kwa uzito wake wote anayesimama pembeni na kumpamba kifo mtu mwingine. Mambo yote nitakayoyasema baada ya hapa nayapima kwa kipimo hicho.

Hadithi nazo zinakwenda njia yake. Katika hadithi za maisha ya zamani ya Buddha yumo mfalme Sibi, aliyetoa macho yake kumpa kipofu, na yumo mwanamfalme aliyejitoa aliwe na chui milia jike ambaye kwa njaa alikuwa karibu kuwala watoto wake. Yumo pia sungura, ambaye si yule mjanja wa hadithi zetu. Alipokosa cha kumpa mgeni mwenye njaa, aliamua kujitupa motoni ili awe kitoweo, lakini kabla ya kuruka alijikung'uta manyoya mara tatu, asije akaungua pamoja na wadudu waliokuwa ndani yake. Hadithi inamaliza kwa kusema kwamba moto ule haukumchoma hata unywele mmoja. Hapa binti yako anapata jibu la swali lake la mdudu: sungura ana haki ya kuutoa mwili wake tu, wala hana haki ya kuutoa uhai wa kiroboto. Kisha iko sura ya 23 ya Sutra ya Loto, andiko linaloheshimiwa mno China, Japani na Vietnam, ambayo inasimulia juu ya bodhisatva, yaani mtu aliyeweka nadhiri ya kuwaokoa viumbe wote, aliyeuwasha mwili wake kama taa ya sadaka. Watawa kadhaa wa China katika karne zilizofuata walijichoma kwa kuifuata sura hiyo.

Mtawa wa Kichina Yijing, aliyesafiri hadi India katika karne ya 7 ili aone kwa macho yake jinsi kanuni zinavyofuatwa huko, aliwapinga waziwazi. Hoja yake ilikuwa kwamba mambo yanayosimuliwa juu ya mabodhisatva hayakuandikwa yawe mwongozo kwa watawa waliojifunga kwa kanuni, na alisikitika hasa kuona vijana wapya, ambao bado wana ari kubwa na elimu ndogo, wakiyachukua maandiko kama amri. Mimi naona Yijing alikuwa sahihi. Hata hivyo haki inanidai niseme kwamba Quảng Đức hakuwa kijana wa aina hiyo, na kwamba sadaka ya taa mbele ya Buddha ni jambo moja, na ombi lililoelekezwa kwa serikali ya wanadamu ni jambo lingine.

Aliyeutetea upande wa Vietnam kwa ufasaha zaidi ni mtawa Thích Nhất Hạnh. Mwezi Juni 1965 alimwandikia Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi Marekani, kwamba vyombo vya habari vilikiita kitendo kile kujiua, ilhali kwa kiini chake si kujiua. Anayejiua, alieleza, amekosa ujasiri wa kuishi, ameshindwa na maisha au anatamani asiwepo. Mtawa yule hakuwa na hata moja kati ya hayo, bali alikubali kupata mateso makali ili aiamshe mioyo ya wakandamizaji na ulimwengu ujue yaliyokuwa yakiwapata watu wake. Kwa mafundisho ya Kibudha hoja hii ina msingi, maana uzito wa tendo uko katika nia, na kutamani kutokuwepo kunahesabiwa miongoni mwa tamaa zinazomfunga mtu. Lakini nina mashaka mawili. Kwanza, anamwonea mgonjwa: mtu aliyeelemewa na sonona hadi akataka kufa si mwoga, ni mtu anayehitaji tiba. Pili, kipimo cha nia kinaweza kutumiwa na mtu aliyeijua nia hiyo, aliyekula, kusali na kufanya kazi pamoja na mhusika kwa miaka mingi. Mimi na wewe, tunaotazama picha katika simu, hatuna uwezo huo, na kijana anayejitazama mwenyewe usiku wa manane akiwa na hasira ana uwezo mdogo zaidi.

Watu hupenda kuongeza kwamba kitendo kile kilifaulu, kwa kuwa Diệm alipinduliwa na jeshi lake mwenyewe na kuuawa mwanzoni mwa Novemba mwaka uleule. Picha ilisaidia kuifanya Marekani imchoke, hilo ni kweli. Lakini mwezi Agosti, baada ya watawa wengine kuwa wamemfuata Quảng Đức, serikali ilivamia mapagoda, yaani mahekalu ya Wabudha, usiku na kukamata mamia ya watu. Na baada ya Diệm kuondoka vita viliendelea hadi 1975. Mwezi Mei 1967 Nhất Chi Mai, mwanamke kijana aliyekuwa mfuasi wa Thích Nhất Hạnh, naye alijitia moto akiomba vita vikome, na havikukoma. Tangu mwaka 2009 zaidi ya Watibeti 150 wamefanya vivyo hivyo wakilalamikia utawala wa China. Dalai Lama, kiongozi mkuu wa Wabudha wa Tibet, ameeleza huzuni yake, akatilia shaka kama vitendo hivyo vinaleta matokeo, na akakataa kuwalaumu wahusika. Karmapa Ogyen Trinley Dorje, kiongozi mwingine mkubwa wa Wabudha wa Tibet, alisema wazi mwezi Novemba 2011 kwamba vikome, kwa kuwa Watibeti ni wachache na kila mmoja wao anahitajika akiwa hai. Kati ya kauli hizo mbili, mimi naiona ya Karmapa kuwa karibu zaidi na ile kanuni ya tatu.

Ndipo nifike kwa Mkwawa. Binti yako ana haki ya kuyatenganisha. Tarehe 19 Julai 1898, kule Mlambalasi, Mkwawa alikuwa amewindwa kwa karibu miaka minne tangu ngome yake ya Kalenga ivunjwe, akiwa mgonjwa, na Wajerumani walikuwa wameahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Hakuwa anamwomba Mjerumani abadili moyo. Alikuwa anamnyima mateka. Quảng Đức alikuwa anamsihi mtesi wake, tena kwa imani kwamba mtesi ana moyo unaoweza kuguswa. Isitoshe, Mkwawa alikuwa jemadari, na sioni maana ya kumpima kwa kanuni za watawa wa India ambazo hakuwahi kuzisikia.

Lakini na wewe hukukosea ulipomtaja. Fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 kama la Mkwawa limo katika makumbusho hapo Kalenga, ndani ya kioo, na watoto wa shule hupita mbele yake kila muhula. Moyo wa Quảng Đức nao, ambao wafuasi wake wanasema haukuungua, umehifadhiwa na kuheshimiwa kama kitu kitakatifu. Pande zote mbili watu wanaweza kumheshimu marehemu. Ila sijapata kumsikia mzee wa Kihehe akimwambia mjukuu wake kwamba dhiki ikizidi na afanye kama Mkwawa. Humwambia asikubali kuonewa, na huishia hapo. Mwambie binti yako kwamba Wabudha wengi wanamheshimu Quảng Đức kwa namna hiyohiyo, na kwamba wale wanaokwenda mbali zaidi, wakawapa vijana kitendo chake kama mfano wa kuigwa, wanavunja kanuni ya dini yao wenyewe.

SWALI: Nimesoma kwamba Buddha mwenyewe alijinyima chakula hadi akabaki mifupa. Kuna tofauti gani kati ya hilo na kujidhuru? Msomaji, Makambako.

JIBU: Hakuna tofauti kubwa, na ndiyo maana aliacha. Kwa miaka sita, kabla hajawa Buddha, Siddhartha aliutesa mwili wake akitumaini kwamba ukinyong'onyea akili itakuwa huru, akaishia kupata udhaifu tu. Alipokea wali uliopikwa kwa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata, akala, na wenzake watano wakamkimbia wakidhani amelegea. Hotuba yake ya kwanza, aliyowahutubia haohao watano, ilianza kwa kukataa anasa kwa upande mmoja na kujitesa kwa upande mwingine. Watawa wengi hawali baada ya adhuhuri, lakini hiyo ni kiasi, wala haikusudiwi kuumiza mwili.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Tukuyu. Ninaishi na mtoto wa marehemu dada yangu, kijana wa miaka 19, ambaye alisimamishwa chuo pamoja na wenzake baada ya kugoma. Tangu hapo amebadilika. Hali chakula vizuri, halali usingizi, na amekuwa akisema kwamba watawa wa Kibudha walionyesha njia, kwamba dunia haisikilizi mpaka mtu afe. Mjomba wake anataka tumkemee na kumnyang'anya simu. Mchungaji amesema atakuja Jumapili. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwako wewe sitaanza na dini.

Usingoje Jumapili. Kijana asiyelala, asiyekula na anayezungumza juu ya kufa anahitaji kuonwa na mganga hospitalini leo au kesho, hata kama mwenyewe anasema ni mzima na kwamba anachozungumza ni siasa. Anzia hospitali ya wilaya hapo Tukuyu, na waombe wakupe rufaa kwenda Mbeya kwa wataalamu wa afya ya akili ikihitajika. Kabla ya hapo kaa naye peke yenu, umuulize kwa upole na kwa maneno ya wazi kama anafikiria kujiua. Watu wengi huogopa swali hilo wakidhani litamtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Wahudumu wa afya ya akili wanatuambia kwamba halimtii, na kwamba mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyethubutu. Asiachwe peke yake. Dawa za mashambani, ambazo najua hazikosekani katika nyumba za wakulima wa huko, na kitu chochote kingine cha hatari viondolewe nyumbani kabisa, wala visifichwe tu juu ya kabati.

Mjomba hajakosea kuogopa, ila kumkemea sasa kutamthibitishia kijana kwamba kweli hakuna anayesikiliza. Malalamiko yake juu ya chuo yanaweza kuwa ya haki. Mwambieni hivyo, kisha mjomba mwenyewe aifanye kazi hiyo: aandike barua ya rufaa, aende chuoni, awatafute wazazi wa wale wenzake waliosimamishwa pamoja naye.

Akizidi kuwataja watawa, unaweza kumjibu kwa maandiko yaleyale. Mtawa Channa alikuwa mgonjwa wa maumivu makali, akamwambia Sariputta, mwanafunzi mkuu wa Buddha, kwamba ataukatisha uhai wake. Sariputta hakumpa hotuba juu ya dhambi, wala hakuusifu uamuzi wake. Alimwambia kwamba wanataka Channa aishi. Kama amekosa chakula kinachomfaa, yeye atakwenda kukitafuta. Kama amekosa dawa, ataitafuta. Kama hana wa kumuuguza, atamuuguza mwenyewe. Channa hakukubali, na mwisho wake umewasumbua wafafanuzi hadi leo, lakini alikuwa mtu aliyefikia mwisho wa ugonjwa, na mwanao hajafika huko. Ana miaka 19, na ana wewe.

Mchungaji naye mpigie simu, umwombe aje leo, na kama ana gari awapeleke hospitali.